Mkono wa Sonara: Ufuaji wa Fedha wa Ibo na Maradhi ya Kisugudi

Wasafiri walioandika habari za kisiwa cha Ibo aghalabu wamezisifu kuta zake za mawe ya matumbawe, ngome yake yenye umbo la nyota, na mapambo yake ya fedha, ambayo nyuzi zake ni nyembamba hata jicho lisilozoea hushindwa kubainisha uzi mmoja waishia wapi na wa pili waanzia wapi. Walakini katika sifa hizo zote mkono uliouvuta uzi ni nadra kutajwa. Katika makala haya napenda kuisimulia tarikhi ya kazi hiyo kwa kuanzia mahali ambapo waandishi hawakuzoea kuanzia, yaani kwenye kisugudi, kiungo ambacho wengi siku hizi hukiita kiwiko, kwa kuwa naamini kwamba mtu hawezi kufahamu jinsi maradhi ya kiungo hicho yanavyopona asipofahamu kwanza kazi iliyoyaleta ilikuwa na utaratibu gani, na utaratibu huo uliharibiwa na nini.

Visiwa vya Quirimba, ambavyo Ibo ni kimojawapo, vinavyojipanga katika pwani ya kaskazini ya Msumbiji kutoka karibu na ghuba ya Pemba kuelekea kaskazini hadi jirani ya Rasi ya Delgado, vilijulikana kwa kazi za mikono tangu zamani. Wareno wa karne ya 16 walivikuta vikisifika kwa nguo ya Maluane, iliyofumwa visiwani humo na kutiwa rangi ya nili, na visiwa vyenyewe wakaviita kwa jina hilo hilo. Padri Mdominika João dos Santos, aliyekaa Quirimba katika miaka ya 1590 na kitabu chake kikapigwa chapa mjini Évora mwaka 1609, ametuachia maelezo ya maisha ya huko. Ibo ilipanda daraja baadaye: katika miaka ya 1760 ilipewa na Wareno cheo cha mji, na mwaka 1791 ikajengwa ngome ya São João Baptista, ambayo hata leo ndiyo alama ya kwanza anayoonyeshwa mgeni.

Utajiri uliojenga nyumba za Ibo za baraza ndefu haukuwa wote wa halali. Sehemu kubwa ilitokana na biashara ya watumwa, watu waliotekwa bara na kupakiwa majahazini kwenda visiwa vya Mauritius na Réunion na kwingineko. Na hata baada ya Ureno kuharimisha usafirishaji wa watumwa mwaka 1836, biashara hiyo iliendelea kwa magendo miaka mingi. Mwandishi wa habari za fedha za Ibo asiyelitaja jambo hili ameandika nusu ya habari, maana sarafu zilizogeuka vikuku na mikufu zilipita katika masoko yale yale ambamo binadamu walitiwa bei.

Na sarafu ndiyo iliyokuwa madini ya sonara. Pwani hii haina machimbo ya fedha. Aliyehitaji fedha aliyeyusha riale. Riale ya Maria Theresa, iliyozagaa katika bahari ya Hindi katika karne ya 19, iliendelea kupigwa chapa yenye mwaka 1780 dahari baada ya malkia mwenyewe kufariki katika mwaka huo huo. Uzito wake ni gramu 28 na kidogo, na katika kila sehemu 1000 sehemu 833 ni fedha na zilizobaki ni shaba. Pamoja nayo ilikuwako rupia ya Kihindi, na sarafu za Kireno. Ufundi wenyewe wa kusuka uzi wa fedha waonekana katika pande nyingi zilizokuwa na uhusiano wa biashara na bahari hii: Wareno wanao Gondomar, Wahindi wanao Cuttack, na Yemen ilisifika kwa masonara wake Wayahudi hadi walipohama kwa wingi mwaka 1949 na 1950. Kugombania nani aliwafundisha Wamwani, wenyeji wa pwani hii, naona ni kupoteza wino. Bora kutazama wanavyofanya.

Fedha hutiwa katika kalibu, huyeyushwa kwa moto wa mkaa, humiminwa iwe kijiti, kisha hupigwa nyundo juu ya fuawe, ikigeuzwageuzwa, hata ncha yake ichongoke na kuweza kupenya tundu la chamburo. Chamburo ni bamba la chuma cha pua lenye matundu yaliyopangwa kwa ukubwa, kila moja jembamba kidogo kuliko lililotangulia. Sonara huipitisha ncha tunduni, huikamata kwa koleo upande wa pili, hukaza vidole, huvuta, na uzi hutoka mwembamba zaidi na mrefu zaidi, naye huuhamishia tundu linalofuata na kuanza tena. Hesabu ya kazi hii yastahili kufanywa japo mara moja. Kijiti chenye unene wa milimita 3 kikivutwa hata kibaki sehemu moja katika 10 za unene huo, urefu wake huzidi mara 100, kwa sababu fedha haipotei, hubadili umbo tu. Na riale moja ikivutwa yote hata unene huo wa mwisho hutoa uzi wa takribani dhiraa 80, na dhiraa yenyewe, kama wazee wajuavyo, hupimwa kutoka kisugudini hadi ncha ya kidole cha kati. Kila dhiraa ya uzi huo imepita mkononi mwa sonara si mara moja bali mara nyingi, tundu baada ya tundu. Ndipo nyuzi mbili husokotwa pamoja, hubanwa zikawa bapa, hukunjwa kwa kibano ziwe maua na mawimbi, hupangwa ndani ya fremu ya uzi mnene na kutiwa lehemu, na mwisho pambo husafishwa kwa kitu kichachu mfano wa maji ya ndimu hata ling'are.

Fedha ina tabia moja ambayo ni msingi wa habari yote hii. Ikipigwa au ikivutwa huwa ngumu. Na kadiri inavyozidi kuvutwa ndivyo inavyozidi kuwa ngumu, mpaka ifike mahali ikatae kupita tunduni, na ikilazimishwa ikatike. Dawa yake ni moto: huwekwa juu ya makaa hata iive wekundu hafifu, ikaachwa, nayo hurudia ulaini wake wa kwanza. Kwa hiyo sonara ana njia mbili za kuupitisha uzi mgumu: kuurudisha motoni, au kuongeza nguvu ya mkono. Njia ya kwanza inakula mkaa na wakati. Njia ya pili yaonekana haina gharama. Nathubutu kusema kwamba maradhi ya kisugudi katika kazi hii yameanzia hapo, katika mkaa uliobaniwa na haraka iliyopewa nafasi ya moto.

Maana mwili haukuumbwa kwa mvuto wa namna hiyo kwa muda mrefu. Misuli inayokunjua kifundo cha mkono na vidole hukusanyika upande wa juu katika kano moja fupi, na kano hiyo imeshika nundu ndogo ya mfupa iliyo upande wa nje wa kisugudi. Mtu akibana kitu kwa nguvu, hata kama kazi yaonekana kuwa ni ya vidole vya upande wa kiganja, misuli hii ya mgongoni mwa mkono haina budi kukaza ili kifundo kisipinde. Basi kila koleo linapobanwa na kila uzi unapovutwa, mzigo mzima hufika kwenye nundu ile isiyozidi upana wa kidole. Kano hupata damu kidogo kuliko msuli, nayo hujitengeneza polepole. Ikipewa wasaa hujiimarisha. Ikinyimwa, nyuzi zake hupoteza mpangilio na kudhoofika, na mwenyewe huanza kuona maumivu anapoinua birika, anapokamua nguo, anapofungua kifuniko, na hata anapompa mwenzake mkono.

Wafua fedha hawako peke yao katika dhara hii. Seremala wa majahazi ashikaye tezo tangu asubuhi anaijua. Mchongaji wa Kimakonde anaijua zaidi, kwa kuwa mpingo ni mti mzito hata huzama majini, na kila pigo la tezo hurudi mkononi. Na wale vijana wengi wa Cabo Delgado, jimbo ambamo Ibo imo, waliovuka Ruvuma katika nyakati za ukoloni kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanganyika, ambako manamba alipimiwa kazi kwa idadi ya matita, walikuwa katika hatari hiyo kila siku ya kazi. Hata uzuri una sehemu yake: mwanamke wa pwani asuguaye kijiti cha msiro juu ya jiwe lenye maji ili apate rojo jeupe la kupaka usoni hutumia misuli ile ile, ingawa yeye husugua kidogo na kwa raha, wala hafanyi hivyo mchana kutwa.

Tiba za kale za pwani kwa viungo vinavyouma zilikuwa ni kuchua kwa mafuta ya nazi au ya ufuta, kukanda kwa kitambaa cha maji moto, kupiga chuku, na kwa wengine kuchanjwa na kutiwa dawa. Na mwenye imani hakukosa kusomewa. Sipendi kuzidharau tiba hizi, kama wanavyofanya baadhi ya wasomi, wala kuzitukuza kupita kiasi, kama wanavyofanya wauzaji wa dawa sokoni. Kuchua na kukanda huleta faraja ya kweli, na mtu aliyefarijika hulala, na aliyelala huamka na subira. Walakini sonara aliyezoea kuona uzi mgumu ukilainishwa na moto hukosea akidhani kwamba kano ni kama fedha, iwekewe joto tu irudie hali yake. Kano haitengenezwi na joto bali hutengenezwa na mzigo uliopimwa, mdogo kwanza, kisha mkubwa kidogo, kwa miezi.

Nguvu ya kweli ya zamani, kwa rai yangu, haikuwa katika chuku bali katika utaratibu wa karakana. Ufundi huu aghalabu ulirithishwa nyumbani, mtoto kwa baba au mpwa kwa mjomba, na palipokuwa na wanagenzi mtu mmoja hakupiga, akavuta, akasokota na kulehemu siku nzima bila kupokezana. Mmoja alishughulikia moto, mwingine nyundo, na mikono ilibadilishana kazi hata bila mtu kuwaza habari za afya. Ijumaa ilikatizwa na sala, Ramadhani ilipunguza mwendo, na wateja wenyewe walitegemea pepo za kaskazi na kusi. Kidani cha harusi hakikuagizwa leo kikatakiwa kesho. Mkono ulipata mapumziko ambayo hakuna aliyeyaita mapumziko.

Wakati huo Ulaya nayo ilikuwa inajifunza. Mwaka 1700 tabibu Bernardino Ramazzini alitoa mjini Modena kitabu kizima juu ya maradhi ya watu wa kazi, na baadaye alipowaeleza makarani aliandika kwamba dhara yao hutokana na kukaa kitako daima, na kuutikisa mkono kwa namna moja bila kukoma, na kuikaza akili. Tena aliwausia matabibu wamwulize kila mgonjwa kazi yake ni nini, swali ambalo hata leo halijapata nafasi katika madaftari ya zahanati nyingi. Mwaka 1873 Mjerumani Runge alieleza maumivu ya upande wa nje wa kisugudi kwa watu waandikao sana, na miaka 10 baadaye madaktari wa Uingereza wakaanza kuyaandika kama maradhi ya wacheza tenisi, mchezo ambao ndio kwanza ulikuwa umeingia katika bustani za matajiri. Kwa muda wa karibu miaka 100 iliaminiwa kwamba ndani ya kano mna mwako, na kwa imani hiyo wagonjwa wakachomwa sindano za kotisoni. Lakini mwaka 1979 Wamarekani Nirschl na Pettrone walionyesha kwamba kano iliyougua imejaa nyuzi zilizovurugika kuliko dalili za mwako, na mwaka 2006 uchunguzi uliofanywa Australia kwa wagonjwa 198 ukathibitisha kwamba waliochomwa sindano walipata nafuu kubwa katika wiki 6 za mwanzo, kisha wengi wao maumivu yakawarudia, hata baada ya mwaka mmoja wakawa nyuma ya wale walioachwa wapone wenyewe kwa kuelekezwa namna ya kutumia mkono. Sindano ya haraka ilifanana kwa tabia na uzi uliolazimishwa tunduni. Nafuu yake ilikuwa ya leo.

Turudi Ibo. Kampuni ya Niassa, iliyopewa hati mwaka 1891 na kutawala nchi hii kwa kodi na kazi za shokoa hata mwaka 1929, iliuhamishia utawala wake Porto Amélia, ambayo sasa ni Pemba, mwanzoni mwa karne ya 20, kwa sababu bandari ya huko ina kina na ya Ibo ni ya maji machache. Wafanyabiashara walifuata, nyumba zikabaki wazi, mizizi ikapasua kuta. Ngome ikawa gereza, na katika miaka ya vita vya ukombozi wakafungwa humo wazalendo. Masonara walibaki, tena mwishowe wakapata mahali pa kufanyia kazi ndani ya ngome hiyo hiyo, na mpita njia wa leo huwakuta karibu na lango wakiwa na fuawe ndogo na mkaa. Hifadhi ya Taifa ya Quirimba ilipoundwa mwaka 2002 na wageni wakaanza kuja, soko jipya lilifunguka, nalo lilileta riziki, lakini lilileta pia mteja ambaye boti yake huondoka asubuhi inayofuata. Mteja huyo hangoji kusi wala kaskazi. Fundi anayefanya peke yake, asiye na mwanagenzi, mwenye haja ya fedha taslimu na mkaa ghali, huvuta kwa mkono kile ambacho babu yake angekirudisha motoni.

Kisha yakaja mambo yaliyousimamisha hata mvuto huo. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia mwezi wa Oktoba 2017, kimbunga Kenneth kilichopiga visiwa tarehe 25 Aprili 2019, na mashambulio ya Palma mwezi wa Machi 2021 viliwafukuza wageni na kujaza Ibo wakimbizi kutoka pwani ya kaskazini. Yawezekana mtu akasema kwamba mikono ya masonara ilipumzika. Lakini kupumzika kwa njaa si tiba, na tena kano iliyokaa bure kabisa hudhoofu, hata kazi inaporudi ghafla huumia kwa mzigo ambao zamani ilikuwa ikiubeba bila taabu. Hili ndilo jambo ambalo wagonjwa wengi hawalitambui: maumivu hupungua kwa kulala, nao hudhani wamepona, wanaurudia uzi mnene siku ya kwanza, na baada ya wiki moja wako pale pale walipokuwa.

Kupona kunakofuata kanuni kuna hatua, na hatua hizo sonara anaweza kuzipanga kwa vyombo vyake mwenyewe. Kwanza hukomesha kile kinachouma zaidi, yaani mvuto wa koleo na kuinua vitu huku kiganja kikitazama chini, bila kuacha kuutumia mkono kwa mengine. Mzigo huinuliwa kiganja kikitazama juu na kisugudi kikiwa karibu na ubavu. Pili huweka mkono juu ya meza, kiganja chini, kifundo kikining'inia ukingoni, akashika kitu chenye uzito mdogo, mathalani nyundo yake nyepesi, akakiinua kwa msaada wa mkono wa pili na kukishusha polepole kwa mkono mgonjwa peke yake. Hurudia mara kadhaa kila siku, na uzito huongezwa tu pale ambapo uchungu wa leo ni wa kuvumilika na kesho asubuhi umetoweka. Ukanda wa kufunga chini kidogo ya kisugudi husaidia wengine wakati wa kazi. Muda wake ni miezi, kwa baadhi ya watu hata mwaka, na walio wengi hupona bila kisu wala sindano. Mwenye ganzi vidoleni, au uvimbe na homa, au kisugudi kisichonyooka, huyo aende hospitali, maana hayo ni maradhi mengine.

Kazi nayo hurudishwa kwa daraja. Kusokota na kukunja nyuzi nyembamba hutangulia, iwapo kibano kimezungushiwa kitambaa ili mpini uwe mnene na vidole visikaze mno. Kulehemu hufuata, kisha tupa, kisha nyundo. Uzi hurudishwa motoni mara mbili pale uliporudishwa mara moja, na gharama ya mkaa hutiwa katika bei ya kidani, mnunuzi aelezwe kwa nini. Chamburo huanza na matundu membamba, ambayo hayahitaji nguvu nyingi, hufungwa imara kwenye nguzo, na mvutaji hurudi nyuma kwa uzito wa mwili wake wote huku mkono umenyooka, pasipo kukunja kisugudi. Na kwa uzi mnene hakuna haja ya mkono hata kidogo: Vannoccio Biringuccio, katika kitabu kilichopigwa chapa Venice mwaka 1540, aliwaonyesha wafua waya wakivuta kwa gurudumu la kuzungusha, na kisiwa cha mabaharia hakikosi mtu ajuaye kutengeneza duara ya kuvutia kamba. Matundu mapana yaje mwisho kabisa, na yakija, yavutwe kwa duara.